Hodi Tatu kwenye Meli ya Saruji

Kabla sijawa na mvi hata moja niliwahi kukwama na kabati. Tulikuwa mahamali wanne, na kabati lenyewe la mninga, la arusi, kioo chake kimekwenda mlango mzima. Tulitakiwa tulitoe Malindi tulifikishe Kiponda kwa bibi arusi. Anayezijua njia za Mji Mkongwe anajua kuwa Malindi na Kiponda ni pua na mdomo, lakini mtu mwenye kabati hana pua wala mdomo, ana pembe tu. Kwenye kichochoro kimoja chenye kona mbili zinazofuatana likabana. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Na mimi kwa ujinga wangu ndiye niliyesema, "Litapita hilo, sukumeni."

Likakaa siku tatu. Mama mmoja aliyezibiwa mlango wake akawa anateremsha kikapu dirishani apate mkate, na kila akikiteremsha ananitukana mimi kwa jina, kwani jina langu keshalipata. Siku ya tatu akaja seremala akalikata kabati vipande viwili. Bibi arusi akapelekewa nusu asubuhi na nusu alasiri. Nasikia ndoa ile ilidumu, lakini hayo ni mengine.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu mmoja tu hakucheka. Alisimama kwenye kona, kijana kama mimi, nywele zimekauka kwa chumvi, akalitazama kabati juu mpaka chini, akauliza, "Ndani hamna mtu?"

"Mtu wa nini ndani ya kabati, bwana wee?"

"Haya," akasema, akenda zake.

Ikapita miaka mingi. Uhamali niliuacha kwa sababu ya nyonga, nikauza kahawa, nikachunga duka la watu, nikarudi nikauza kahawa. Siku moja napita Shangani nikamkuta mtu yule yule amekaa juu ya mtungi wa hewa mbele ya duka la wazamiaji, duka la mzungu mmoja anayeshusha wageni baharini kuangalia samaki. Akaniangalia sana.

"Si wewe mwenye kabati?"

"Ndiye mie."

"Mgongo ungalipo?"

"Upo kidogo."

"Basi njoo kesho. Kuna mitungi ya kubeba."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, na nikakaa naye miaka kumi na kitu. Mimi nikibeba mitungi kuipeleka kwenye boti, nikiijaza kwenye kompresa, na wao wakishazama nabaki juu kuilinda boti. Jina lake nnalijua. Lakini aliwahi kuniambia hapendi kutajwa akiwa hayupo, na mimi namstahi hadi leo. Dukani tulimwita Mzamishaji, maana kazi yake ndiyo hiyo: kuwazamisha wageni na kuwaibua wakiwa hai.

Hakuwa mtu wa haraka. Sijapata kumuona anakimbia, hata mvua ikimnyea. Ukimhimiza anakwambia, "Maji hayana haraka, haraka yako wewe ya nini?" Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa, lilimfia alipokuwa akizamia majongoo ya pwani zamani, kabla ya kuwajua wageni na Kiingereza chao. Kwa hiyo ukisema naye anakugeuzia uso wa upande, unadhani amekununia, kumbe anakusikiliza. Asubuhi ya kazi alikula muhogo wa kuchemsha mkavu, bila nazi. Nazi, alisema, inapanda ukiwa chini. Wageni aliwaambia neno moja kabla ya kuwavisha miwani: "Kushuka ni hiari, kupanda ni hesabu." Sijui kwa lugha yao alilisemaje, lakini walikuwa wakiacha kucheka.

Alikuwa mcha Mungu wa namna yake. Ramadhani moja alimwendea shekhe wa msikiti wetu kumuuliza kama hewa ya mtungi inafunguza saumu. Nilikuwepo. Shekhe alifikiri sana, akashika ndevu, akauliza, "Ina ladha?"

"Ina ladha ya mpira, shekhe."

"Basi vuta, lakini usiionje."

Toka siku hiyo kila nikimfungia mtungi mwezi wa Ramadhani namwambia, "Usiionje," naye ananijibu, "Wewe ndo huionji, unaifakamia." Mzaha wetu ulikuwa huo huo mmoja, na ulitutosha.

Sasa nije kwenye meli, maana mtu yule bila ya meli ile ni nusu.

Mbele ya Chukwani, mbali kidogo na pwani, kuna meli imelala chini, pima ishirini na mbili. Si meli ya vita wala ya wafalme, ni meli ya mizigo, ilikuja na saruji. Ilitia nanga pale ikingoja zamu ya bandarini, mabaharia wakashuka mjini wote, juu akabaki mlinzi mmoja. Alfajiri watu wa Chukwani walipotoka msikitini wakaona bahari tupu. Imekwenda chini kimya, haikupiga hata king'ora. Wenyewe walikuwa watu wa mbali, wakaja, wakatazama maji, wakaondoka. Walizamishwa watu mara mbili kumtafuta mlinzi. Wakasema chumba chake cha nyuma mlango umebana, na kule chini giza, na hewa haiwatoshi. Wakaacha.

Mlinzi yule alikuwa kaka yake Mzamishaji, wa tumbo moja.

Meli ikakaa ikageuka mwamba. Mimi sijaiona, mimi maji yakinifika kifuani naanza kutubu, lakini nimesikia habari zake kwa wageni wa kila rangi nikawa kama nimezaliwa humo. Saruji imegandia ndani ya mifuko yake. Mifuko yenyewe imeoza, saruji imebaki na umbo la mfuko, imepangwa safu safu kama mito ya kulalia, na juu yake yameota matumbawe mekundu na ya zambarau. Changu wanazunguka kwa mamia. Mkunga amekaa kwenye bomba. Na kwenye dirisha la nahodha kuna chewa mkubwa kama punda, anatoa uso tu, anawatazama watu mmoja mmoja kama karani aliyechoka. Wageni walimpenda yule chewa kuliko kitu chochote. Wakipanda juu wanazungumza wote kwa pamoja, na wengine wanacheka peke yao, maana kina kile hewa ya mtungi inalevya. Mzamishaji alisema, "Huko chini kila mtu anakunywa, na sisi Waislamu hatujazoea, ndo maana mimi sikai."

Wavuvi nao waliijua. Palipokuwa patupu sasa pana samaki, wakawa wanatupa mishipi pembezoni. Siku moja mvuvi mmoja, mtu wa Bwejuu aliyeoa Chukwani, alimletea changu wawili wanono, zawadi. Mzamishaji akamshukuru sana, akampa mikono miwili, na mvuvi alipogeuka akanipa mimi.

"Huli?"

"Sili kilicholala kwenye nyumba ya watu."

Mimi nikala. Walikuwa watamu.

Haya, na desturi yake ndiyo hii. Kila akishuka kwenye meli ile, awe na wageni au peke yake, huanza kwa kwenda nyuma, kwenye mlango wa kile chumba kilichobana. Huchomoa kisu chake, akageuza mpini, akagonga chuma mara tatu. Polepole. Ko. Kisha anangoja. Ko. Anangoja. Ko. Akingoja mara ya mwisho na kusikia kimya, anageuka, anawazungusha wageni nje nje, anawaonyesha chewa na mito ya saruji, anawapandisha. Ndani ya meli ile hakuingia wala hakuingiza mtu, hata kwenye tundu lililokuwa wazi.

Mimi juu kwenye boti nilikuwa nnazisikia. Maji yanachukua sauti kuliko upepo. Ukilaza sikio kwenye mbao za chini ya boti, zinakufikia kana kwamba mtu amesimama nje ya nyumba yako. Mara ya kwanza nilishtuka nikapiga kichwa. Nikamuuliza.

"Nabisha hodi," akasema.

"Kwenye meli iliyozama?"

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Hodi ni tatu, yakhe, hukufundishwa chuo cha Kurani? Ya kwanza wakusikie, ya pili wajistiri, ya tatu wakukaribishe au urudi ulikotoka."

"Lakini mule, kwa ulivyosema mwenyewe, aliyemo ni maiti."

"Ndugu yangu alikuwa mtu wa haya. Tukilala chumba kimoja tangu wadogo, na bado akibadilisha nguo ananambia nigeuke. Nikamvunjie mlango?"

Wazamiaji wenzake hawakumsaza. Mmoja alikuwa akisema wazi, mbele yake, "Huyu anaogopa chumba, anasingizia adabu." Na nitasema kweli, hata mimi nilifikiri hivyo. Maana mtu yule aliyeshuka pima ishirini na mbili bila kupepesa jicho alikuwa haingii kwenye lifti. Nilimpeleka hospitali kuangaliwa sikio, tukaambiwa ghorofa ya nne, akapanda ngazi zote na mimi na nyonga yangu nyuma yake. Nyumbani kwake alilala mlango wazi. Akienda chooni anaacha mlango nusu anaimba kaswida, watu wajue yumo. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia haingii mahali kwa adabu, utamuamini? Mwenye duka alikuwa akimshikilia kila mwaka kuwa wageni wanataka kuingia ndani, meli nyingine duniani watu wanaingia, kwa nini hii haiingiliki. Mzamishaji anamjibu kwa Kiingereza chake cha polepole, na mwenye duka anaondoka anatikisa kichwa. Nikamuuliza siku moja anamjibu nini. Akasema, "Namwambia wenyewe hawajatukaribisha."

Lakini kuna mtu mmoja ambaye jambo lile kwake halikuwa mzaha wala adabu. Alikuwa mke wa yule mlinzi, Bi Zuwena. Alikaa Chukwani, na akikaa barazani kwake analiona boya letu, lile la rangi ya chungwa tulilofunga kamba yake kwenye meli. Miaka yote ile alikuwa si mke na si mjane. Kadhi alishamfungua zamani, akampa hukumu kuwa mume amepotea na yeye yuko huru. Akaja mtu kumposa, mtu wa heshima. Akamkataa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mzamishaji, "Kadhi kanipa karatasi, shemegi. Karatasi haina kaburi. Siwezi kukaa eda ya karatasi." Nguo nyeupe za mjane hakuvaa, na nguo ya rangi hakuvaa. Alivaa kijivujivu. Arusini haendi, kwa kuwa hajui aende kama nani.

Kila Ijumaa baada ya sala tulikwenda kwake, mimi nimebeba kikapu cha matunda kutoka soko la Darajani. Tunakaa barazani, tunaletewa chai ya tangawizi, watu wanaulizana hali, na mwisho wa yote, tukishashika viatu, Bi Zuwena anauliza neno moja:

"Umekaribishwa?"

Naye Mzamishaji, mtu mzima na mvi zake, anainamisha kichwa kama mtoto wa chuoni ambaye hakuhifadhi. "Bado, shemegi."

"Haya. Nenda salama."

Miaka. Ijumaa kwa Ijumaa. Nikawa mimi ndiye ninayeona uchungu. Siku moja njiani nikamwambia, "Uvunje mlango kwa ajili ya yule mwanamke, basi! Wewe unamstahi marehemu, aliye hai nani atamstahi?" Akasimama. Alinitazama muda, nikadhani atanipiga. Akasema, "Unadhani silifikirii hilo kila siku?" Akaanza kutembea tena.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo Bi Zuwena hakuuliza. Tukashika viatu, tukangoja. Yeye alikuwa anatazama boya.

"Shemegi," akasema, "mie nshachoka kuuliza. Na wewe nshakuchosha. Ijumaa ijayo ukija njoo kama mgeni, unywe chai yako. Usije kama mjumbe."

Mzamishaji akambusu mkono, jambo ambalo sikuwahi kumuona akilifanya. Tukaondoka.

Jumatano yake tulikwenda kubadilisha kamba ya boya, ile ya zamani imeliwa na maji. Wageni hawakuwepo. Tulikuwa wawili tu, saa tatu asubuhi, bahari imelala kama mkeka, jua kali. Mtu hatakiwi kuzama peke yake, yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu hivyo, lakini siku ile alijifunga mtungi bila kusema. Nikamwambia kwa mazoea, "Usiionje." Hakunijibu mzaha wangu. Akaingia.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Ngazi ya boti, ile ya chuma inayoteremka majini, pini yake ilikuwa imelegea, nikawa naitengeneza. Mapovu yake nayaona, yanakuja juu mahali pamoja, yanapasuka, yanakuja mengine. Ukiwa mlinzi wa boti mapovu ndiyo saa yako na ndiyo habari yako. Nilipokisia kuwa keshafika nikaacha nyundo kidogo, nikalala, nikatega sikio kwenye mbao. Ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyofungua redio.

Zikaja. Ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko. Nilizisikia wazi kuliko siku zote.

Na sasa nitasema nililolificha. Nilimuonea huruma, nikachoka na kumuonea huruma, na huruma ikichoka inageuka kitu kingine. Sikupanga. Shetani wangu ni mdogo lakini hana adabu. Niliinuka, nikashika nyundo, nikagonga kwenye chuma cha ngazi iliyokuwa majini, mara tatu, kwa mwendo ule ule wake. Halafu nikasema kwa sauti, kwenye bahari tupu, nikicheka peke yangu:

"Karibu! Karibu ndani!"

Nilikuwa bado nacheka mapovu yalipokatika.

Hamjui maana yake kama hamjakaa juu ya boti. Mapovu yakikatika, ama mtu havuti pumzi, ama ana paa juu ya kichwa. Nilitazama pale mahali. Maji yamenyooka, hayana hata kunyanzi. Nikasoma Kulhuwallahu, nikaikosea, nikaanza tena. Nikamuita kwa jina lake, lile asilotaka litajwe. Nilishika kamba ya boya, nikaivuta. Jua kali vile, lakini mimi nasikia baridi mgongoni kama nimeegemea ukuta wa birika la maji msikitini. Na kitu kimoja zaidi, ambacho sijui nikiweke wapi. Boti iliinama kidogo upande wa ngazi, kama inavyoinama mtu anapopanda. Kisha ikakaa sawa. Nikageuka haraka, sikuona mtu, nikasema ni wimbi, na wimbi halikuwepo.

Mapovu yakarudi.

Alikaa sana kwenye kamba akingoja, kama hesabu ya kupanda inavyotaka, na mimi juu namuona kivuli chake hakitikisiki. Alipopanda alikuwa na ule mfuko wake wa wavu, na ndani ya wavu amefunga kitu kwa fulana yake. Akauweka kwenye ubao polepole, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia.

"Usifungue."

"Nini?"

"Ndugu yangu."

Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikaisukuma nyundo kwa mguu chini ya kamba. Akasema neno moja, akitazama maji: "Mlango ulikuwa wazi."

Tulipita polisi na hospitali kwa taratibu, wakaandika, wakauliza, wakaturuhusu. Hapakuwa na shaka ni yeye. Alipokuwa mdogo alianguka mnazi akavunjika mguu, ukaungwa upande, na mfupa ule ulikuwemo, na fundo lake. Bi Zuwena aliletewa auone. Akaushika, akaupitisha kidole, akasema, "Ndiyo. Huu ukimuuma wakati wa mvua." Kisha akamgeukia shemegi yake.

"Umekaribishwa?"

"Karibu ilisikika, shemegi," akasema Mzamishaji.

Hapo ndipo Bi Zuwena alipolia, miaka yote ile kwa mara moja. Mimi nikatoka nje. Nilikwenda nikajificha nyuma ya ukuta wa jirani, nikawa naipiga mikono yangu miwili ukutani.

Tulimzika Chukwani baada ya alasiri. Watu walijaa, hata waliokuwa wakimcheka Mzamishaji walikuja, na yule aliyesema anasingizia adabu alishika jembe akafukia yeye. Bi Zuwena akavaa nyeupe, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Wajuzi waliguna kuwa muda wake ulishapita, yeye akakaa tu. Alipotoka alihamia Bwejuu kwa dada yake, analima mwani, na nimesikia anavaa kanga za rangi kali na anakwenda arusini. Kwa hiyo mzaha wangu ulizaa jambo jema, si ndivyo? Nilijiambia hivyo. Mtu akila haramu ikamshibisha, shibe ni shibe.

Mzamishaji hakuzama tena. Wiki ile ile alimrudishia mwenye duka vitu vyake, na mitungi akaipangusa mmoja mmoja kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Kwangu akaacha kuja. Na mimi nikaacha kwenda kwake, kwani kila nikimfikiria naona nyundo. Nilichomfanyia ni kibaya kuliko kumvunjia mtu mlango. Mtu ameshika adabu yake miaka yote, ameisimamia mbele ya mwanamke anayengoja na wenzake wanaomcheka, na mimi nimempa karibu ya uongo akaingia kwa ndugu yake bila ya idhini. Usingizi nilikuwa sipati vizuri. Mke wangu akasema, "Una nini, mbona huku ndani unapita kama kuna mtu unampisha?" Nikamwambia uzee.

Nilimkuta mwaka huu, Darajani, upande wa samaki, asubuhi. Alikuwa anachagua ndimu kwa mama mmoja. Amekonda, lakini uso umetulia, kanzu safi. Aliponiona akatabasamu.

"Hamali! Mgongo ungalipo?"

"Umebaki jina. Na wewe umekonda."

"Nakula muhogo na nazi siku hizi. Sizami, nani wa kunikataza?"

Tukacheka. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema. Nikamshika mkono, nikamvuta kando kwenye rundo la ng'onda, wale samaki wakavu, nikamwambia yote. Nyundo, ngazi, mara tatu, na lile neno. Nikamwambia, "Nisamehe, yakhe. Aliyekukaribisha si ndugu yako. Ni mimi, kwa mzaha." Nilikuwa nalia, mtu mzima, katikati ya sokoni.

Hakukasirika. Alikuwa ananitazama kama mtu anayefanya hesabu.

"Uligonga mara tatu."

"Tatu."

"Na kabla ya hapo ulisikia nini?"

"Nilikusikia wewe. Hodi zako, kama siku zote."

Akampisha mtu aliyebeba kapu la dagaa akapita baina yetu. Kisha akasema, taratibu:

"Siku ile mimi sikubisha hodi."

"Astaghfirullah. Nilizisikia!"

"Najua ulizisikia. Na mimi nilizisikia. Nilikwenda kumuaga, yakhe. Shemegi yangu alishaniondolea ujumbe, nikaenda kumwambia ndugu yangu kuwa basi. Anayeaga habishi hodi. Kisu sikukichomoa. Niliweka kiganja mlangoni tu, namuombea dua. Majini sauti haina upande, inakuja kichwani mote, hujui inatoka wapi. Lakini hizi zilinipiga kwenye kiganja. Zilitoka ndani. Tatu. Kisha juu pakajibiwa, na mlango ukasukumwa."

"Na nani?"

"Ulifunguka kuja kwangu."

Nikasema, "Lakini tulimzika. Si tulimzika?"

"Tulizika mifupa, na shemegi yangu amepata kaburi lake, alhamdulillahi, mimi sidai zaidi ya hapo." Akaniwekea mkono begani. "Lakini aliyebisha hakuniomba mimi. Alikuwa anaomba kutoka. Na aliyemwambia karibu ni wewe. Mimi nilipishana naye mlangoni tu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akafikiri kweli kweli, naona alitaka kunisaidia. Akasema, "Ni mtu wa haya. Hatakusumbua." Akatazama ndimu zake mkononi kama amesahau alizinunua za nini.

Akaninyooshea mkono, tukapeana. "Assalamu alaykum," akaniambia, nikaitika. Kisha akageuza uso kidogo, kushotoni kwangu, pale penye lile rundo la ng'onda na hapana mtu, akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mtu mkubwa: "Assalamu alaykum."

Akangoja kiasi cha mtu kuitikiwa. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akapita baina ya wauza pweza, mwendo wake ule ule usio na haraka, hakugeuka, na tokea hapo hakurudi, si Darajani, si Chukwani, wala popote ninapopajua mimi.